Bei Mbili kwa Shati Moja

Kila alasiri, Chiriku alipotoka shuleni, alivua sare, akaosha vyombo vilivyokuwa vikimsubiri, kisha akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya cherehani ya mama yake. Jina la Chiriku alipewa nyumbani siku alipoanza kusema, maana alipoanza hakunyamaza tena. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikipenda sana Kiingereza, na pale nyumbani hakuna aliyemshinda kwa kuandika haraka kwenye kompyuta.

Chumba kile cha mbele kilikuwa duka la mama la ushonaji. Palikuwa na meza ya kukatia vitambaa, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na pasi iliyoachwa wima juu ya kipande cha bati. Ukutani zilining'inia pateni za karatasi ya kaki, zile ambazo fundi huzilaza juu ya kitambaa ili akate mikono, kola na mgongo bila kubahatisha.

Mama alikuwa pia na duka la pili, lakini hilo hukuweza kuliona ukiingia chumbani. Lilikuwa ndani ya kompyuta.

Lilianza kwa sababu ya Bosi, mdogo wake Chiriku, ambaye alipewa jina hilo kwa kupenda kuwaamrisha watu wazima. Bosi aliugua akiwa mchanga, na alipopona mkono wake wa kulia ulibaki mkavu, haukunjiki wala haunyooki. Kumvalisha shati asubuhi ilikuwa vita. Alilia yeye, mama naye akalengwa na machozi. Siku moja mama akachukua shati, akalifumua lote, akalishona upya likiwa linafunguka kuanzia kola hadi chini ya kwapa kwa vifungo vya kubonyeza. Bosi akalivaa mwenyewe, akatoka nje kifua mbele, akazunguka nyumba za majirani zote akijionyesha.

Kaka yao mkubwa, aliyekuwa akisoma chuo, ndiye aliyeichora pateni ya shati lile kwenye kompyuta, vipimo vyote kuanzia mtoto wa miaka miwili hadi wa miaka kumi na minne. Akaandika maelezo ya kushona hatua kwa hatua, akaiweka kwenye soko la mtandaoni. Mtu aliyeko ng'ambo alilipa, akatumiwa faili, akaichapisha kwenye karatasi na kushona mwenyewe.

Siku ya kupanga bei walibishana.

"Mama, bei unayoitaja ni ndogo mno," kaka alisema. "Huko wanakonunua, hela hiyo hainunui hata kikombe cha chai hotelini. Mtu akiiona atadhani tunauza takataka."

"Na nikitaja kubwa watasema nimeona wageni nikatoa meno," mama alijibu. "Tuanze na ndogo. Kizuri chajiuza."

Walivutana mpaka wakakutana kwenye dola nane. Wateja wakaanza kuja, mmoja mmoja, wengi wao wazazi wenye watoto kama Bosi.

Kisha kaka akapelekwa mbali kwa mafunzo ya kazi, mahali ambapo mtandao ulishika kwa kubembelezwa. Kabla ya kuondoka alimkabidhi Chiriku kompyuta. "Sikiliza, wee domo," alimwambia, nusu akicheka. "Wateja wakiuliza, wajibu kwa adabu. Usichokijua, muulize mama. Bei usiiguse."

"Sitaigusa, kaka."

Wala hakukusudia kuigusa. Ila mwezi ule mota ya cherehani iliungua, na mama akarudia kukanyaga kwa miguu kama zamani. Kila alipoinuka alishika ukingo wa meza na kusema kwa sauti ya chini, "Eeh, magoti haya!" Chiriku alilisikia neno hilo mara nyingi kuliko alivyoweza kulivumilia. Akaanza kuota kumnunulia mama mota mpya kabla kaka hajarudi.

Ndoto hiyo alimsimulia binamu yake, msichana wa rika lake aliyeitwa Profesa, kwa kuwa hakuna jambo alilowahi kukiri kwamba halijui. Siku hiyo walikuwa wameketi mbele ya kompyuta, mama ameenda kununua uzi. Ujumbe mpya ukaingia. Mama mmoja wa ng'ambo aliuliza kama pateni ya shati ina kipimo cha mwanawe, mvulana wa miaka kumi na miwili mwenye mwili mkubwa.

Profesa aliitazama picha ya mama yule. Alikuwa amesimama kwenye theluji, nyuma yake kuna gari na jengo la ghorofa.

"Mnamuuzia huyu kwa dola nane?" Profesa alishangaa. "Dola nane huyu anaziokota chini ya kiti cha gari! Nyinyi mnauza almasi kwa bei ya pipi."

"Kaka amesema bei nisiiguse."

"Ya dukani usiiguse. Lakini hiki hapa ni nini?" Alionyesha kwa kidole mahali palipoandikwa Oda Maalumu. Hapo muuzaji aliweza kumtumia mteja mmoja bei yake peke yake, bila wengine kuiona. "Mwambie kipimo chake hakipo, kinachorwa upya. Nchi yao tajiri, Chiriku. Hata hatasikia maumivu."

Chiriku alijua kipimo kile kimo ndani ya faili. Vidole vyake vilisita. Akayafikiria magoti ya mama, akaandika: "Kipimo hicho hatuna, lakini mama yangu atakuchorea. Ni dola arobaini."

Mama Theluji, kama walivyomwita, hakujibu siku ile. Kesho yake akaandika maneno machache tu: "Nimeelewa. Naomba mnisubiri hadi mwisho wa wiki."

"Matajiri ndivyo walivyo, hawana haraka," Profesa alisema.

Mwisho wa wiki fedha zikaingia. Chiriku alichukua faili ile ile ya dola nane, akaibadilisha jina, akaituma. Jioni hakumaliza chakula, mama akamuuliza kama anaumwa, akasema amechoka.

Wiki iliyofuata alimfanyia hivyo hivyo mteja mwingine, na baadaye wa tatu. Kila mara alitazama kwanza mtu anatoka nchi gani. Uongo wa kwanza ulimtoa jasho, wa pili ukamtoa tabasamu, na wa tatu hakuuhisi kabisa. Fedha zote zilikaa kwenye akaunti ya duka, zikimsubiri kaka, na Chiriku alikwisha kuchagua hata rangi ya mota.

Basi siku moja alirudi kutoka shuleni, akafungua kompyuta kama kawaida.

Kwenye ukurasa wa duka, pale ambapo wateja huacha maoni, palikuwa na nyota moja na maneno makali. Kumbe wazazi wale walikuwa na kundi lao la mtandaoni, na humo walionyeshana mashati waliyoshona. Mmoja alikuwa amenunua kwa dola nane, mwingine kwa arobaini. Walipozilinganisha faili, mstari kwa mstari, zikawa pacha. "Fundi huyu ni mwizi," mteja wa tatu aliandika. "Anawatoza watu kwa kuangalia wanakotoka. Msimwamini."

Chini yake palikuwa na ujumbe wa wenye soko: duka limelalamikiwa kwa udanganyifu. Wenye duka watoe maelezo kabla ya Ijumaa, la sivyo litafungwa moja kwa moja.

Chiriku aliifunga kompyuta haraka hata ikatoa mlio.

"Vipi, hakuna mteja leo?" mama aliuliza bila kuinua macho kwenye pindo.

"Mtandao uko chini, mama."

Kesho yake mama aliuliza tena, na Chiriku akajibu vile vile. Siku ya tatu mama alisimamisha cherehani. "Mbona umenyamaza siku zote hizi? Chiriku akinyamaza, hata mimi naogopa."

"Kichwa tu kinaniuma."

Kila kompyuta ilipolia, aliifunika kwa kipande cha kitambaa. Bosi alipoisogelea aone picha, alimkemea mpaka mtoto akashangaa. Darasani mwalimu alimuita mara mbili asisikie. Alikuwa akihesabu ni muda gani umebaki kufika Ijumaa, na kila alipohesabu ulikuwa umepungua.

Alhamisi akamkimbilia Profesa.

"Rahisi," Profesa alisema, ingawa safari hii macho yake hayakutulia. "Andika kwamba mlidukuliwa. Mtu aliingia kwenye akaunti yenu akafanya hayo yote. Watathibitisha vipi?"

Chiriku alirudi nyumbani, akafungua kompyuta. Mama alikuwa mbele ya kioo akimpima suruali mzee mmoja mcheshi aliyelalamika kwamba kiuno chake kinakua kuliko kipato chake. Walikuwa wakicheka. Chiriku akaandika: "Tunasikitika sana. Mdukuzi aliingia kwenye duka letu..."

Hakuwa amemaliza sentensi pale ujumbe mwingine ulipoingia. Ulitoka kwa Mama Theluji. Chiriku aliusoma.

"Mimi nasafisha ofisi," mama yule aliandika. "Gari unaloliona kwenye picha si langu, na kwenye hiyo ghorofa nimepanga chumba tu. Mwanangu ana miaka kumi na miwili na hajawahi kuvaa shati bila kusaidiwa. Fedha niliyokulipa niliiweka kwa ajili ya viatu vyake vya baridi. Ungenambia bei yako ni arobaini kwa kila mtu, ningelipa na nisingelalamika, kwa sababu shati ni zuri. Lakini ulinambia uongo. Nataka kujua tu, kwa nini ulinichagua mimi?"

Chiriku aliurudia. Alipofika kwenye viatu, maandishi yalianza kuelea. Siku zote alikuwa akiiona nchi, wala hakumwona mtu. Akaitazama sentensi yake ya mdukuzi, akaifuta herufi kwa herufi mpaka kisanduku kikabaki cheupe.

Mzee wa suruali alipoaga, Chiriku alisimama.

"Mama."

"Abee, mwanangu." Mama alikuwa na pini mdomoni, akaitoa. Alipouona uso wa bintiye, akavuta kiti. "Kuna nini?"

Chiriku alisema yote. Hakuacha mota, wala faili iliyobadilishwa jina, wala uongo wa mtandao. Alimsomea mama maneno ya Mama Theluji, akiyatafsiri polepole, na mara mbili ilimbidi akatishe apumue. Alipomaliza, aliisukuma kompyuta kando. Alitamani mama apige kelele.

Mama hakupiga. Aliichomeka ile pini kwenye kitambaa.

"Kwa hiyo ulimdanganya mama mwenye mtoto kama Bosi," alisema, "ukanifanya mimi kuwa sababu."

"Nilitaka magoti yako yapumzike, mama."

"Magoti ni yangu. Yanauma, sikatai. Lakini sijawahi kukutuma uyatibu kwa viatu vya mtoto wa mwenzangu." Akamsogezea simu. "Mpigie kaka yako."

Kaka alipatikana baada ya kujaribu mara kadhaa, na aliposikia, sauti yake ilijaa chumba. "Nilikwambia nini? Nilikwambia nini, Chiriku? Kazi ya miaka!"

"Kelele utakuja nazo baadaye," mama alimkatiza. "Kesho ni Ijumaa. Fedha zile bado zipo?"

"Zipo, sijazitoa," Chiriku alijibu.

"Zirudishwe zote kwa watu wote watatu. Si kile kilichozidi tu, hata zile dola nane. Nielekezeni namna."

Kaka aliwaelekeza, simu ikikatika na kurudi. Chiriku alibonyeza, na mara tatu kiasi kile alichokuwa akikipenda kikapungua mbele ya macho yake. Ajabu ni kwamba kila kilipopungua alipumua vizuri zaidi.

Kisha wakaanza barua ya maelezo. Mama alisema, Chiriku akaandika. Ilipofika sehemu ngumu, Chiriku aliandika kwamba palitokea kosa katika bei.

"Nisomee hapo," mama alisema. Aliposomewa akatikisa kichwa. "Kosa halitokei lenyewe kama mvua. Andika nani alifanya."

Chiriku akafuta, akaandika: "Mimi, binti wa fundi, nilidanganya. Kipimo kilikuwepo tangu mwanzo. Nilipandisha bei kwa sababu nilidhani kila anayeishi nchi tajiri ni tajiri."

"Sasa ongeza: mwenye duka ni mimi mama yake, na lawama ni yangu pia."

"Lakini mama, wewe hukujua!"

"Duka lina jina la nani? Andika."

Nakala ya barua ile waliiweka wazi kwenye ukurasa wa duka, kila mtu aione. Kisha Chiriku akamwandikia Mama Theluji peke yake, akamjibu lile swali lake: "Nilikuchagua kwa sababu ya picha. Nimeona aibu. Nisamehe."

Ijumaa walipofungua, duka halikuwepo. Pateni zote zilikuwa zimefichwa, na mahali pake palikuwa na maneno: Limesimamishwa, linachunguzwa. Jumamosi vile vile. Wiki nzima ikapita vile vile. Mama alikanyaga cherehani yake, na mlio wake ulimwadhibu Chiriku kuliko fimbo. Profesa alikuja akasimama mlangoni. "Shangazi, mimi ndiye niliyemshauri," alisema kwa sauti ndogo. Mama akamjibu, "Nimeshajua. Ingia unisaidie kukunja vitambaa."

Jibu lilikuja siku ambayo Chiriku alikuwa amekata tamaa. Wenye soko waliandika kwamba wameona fedha zimerudishwa na ukweli umesemwa. Duka litafunguliwa. Likilalamikiwa tena kwa udanganyifu, halitapewa nafasi ya kujieleza. Chiriku alisoma mara mbili, akakumbatia shingo ya mama yake mpaka mama akasema, "Niachie, nina sindano!"

Mama Theluji naye alijibu, kwa kifupi: "Fedha nimepata. Umenijibu kweli, nashukuru. Mwanangu analivaa shati lake kila siku, hataki tulifue." Yule mteja wa tatu, aliyewaita wezi, hakujibu kamwe. Nyota yake moja ilibaki pale pale, na maneno yake chini yake, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuyafuta.

Kaka aliporudi, hasira zake zilikuwa zimepoa njiani. Jumapili aliwakalisha wote chumba cha mbele, akafungua kompyuta. Siku hiyo yule mzee wa suruali alikuwepo pia, akisubiri kiuno kipanuliwe, maana kilikuwa kimekua tena.

"Tuzungumze bei," kaka alisema. "Mimi bado nasema dola nane ni ndogo."

Chiriku alitarajia mama akatae. Mama akaafiki.

"Ni ndogo kweli. Nilifumua na kushona mashati mangapi mpaka moja likakubali? Ile ni akili yangu na macho yangu. Niliogopa kutaja bei ya kazi yangu, na woga huo ndio uliomfunza mtoto huyu kwamba bei nzuri hutafutwa kwa mlango wa nyuma. Hapo nami nina sehemu yangu." Akamgeukia Chiriku. "Kuuza kwa mtu mwenye kipato kikubwa kuliko mimi si dhambi. Kutaka nilipwe vizuri si dhambi pia. Hata kumpunguzia asiye nacho ni jambo jema, na tutafanya hivyo. Ubaya ni kumpima mtu mfuko kwa siri, kisha ukamtungia hadithi ili uufikie. Nchi tajiri ina wafagiaji, mwanangu, kama ilivyo na wakubwa. Bei ya haki ni ile unayoweza kuitamka wateja wako wote wakiwa wamekaa chumba kimoja, wakitazamana. Ukiona unahitaji mlango ufungwe kwanza, basi jua hiyo si bei, ni mtego."

"Maneno hayo ungemwambia aliyeniuzia viatu hivi," mzee alidakia, na wote wakacheka, hata kaka.

Walikubaliana dola kumi na nne, kwa kila mtu, wa kila nchi. Chini ya bei hiyo kaka alitaka maneno yaongezwe, na akamsogezea Chiriku kompyuta ayaandike yeye. Chiriku akaandika, akainua kidole abonyeze.

"Subiri," mama alisema. "Isome kwanza. Kwa sauti, tusikie sote."

Chiriku alisimama. Akawatazama mama, kaka, Bosi aliyekaa juu ya meza kama mwenyekiti wa kikao, na mzee mwenye suruali mkononi.

"Pateni hii ni dola kumi na nne kwa kila mteja, na vipimo vyote vimo ndani," alisoma. "Asiyeweza kulipa kiasi hicho atuandikie aseme anachoweza. Hatutamuuliza anatoka wapi."

Mama akaitikia kwa kichwa, na Chiriku akabonyeza.